Kayaki Inayumba, Inavuta Upande, Inajaa Maji: Utatuzi wa Matatizo kwa Wapiga Kafi wa Nyanda za Juu Kusini

Vijana wanaojifunza kayaki za mbio huku kwetu, wengi wa Matema na Kyela, wachache wa Iringa wanaoshukia Bwawa la Mtera, huja na malalamiko yaleyale. "Mwalimu, hii kayaki mbovu." Ukiikagua, mara nyingi chombo ni kizima. Kilichokosewa ni kiti, kikanyagio, mkono wa mpigaji, au maji aliyoyachagua. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayojirudia zaidi. Fuata mpangilio huo hata kama una hakika umeshajua tatizo. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: ukishusha kiti, ukasogeza kikanyagio na kuazima kafi jingine asubuhi hiyohiyo, hutajua kipi kilichosaidia.

Kayaki ya mbio ya mtu mmoja, K1, haizidi urefu wa mita 5.20 na haipungui uzito wa kilo 12. Ni nyembamba, na imeundwa kukimbia mita 200, 500 au 1000 kwenye maji yaliyotulia. Haikuundwa kuvukia ziwa. Kijana aliyekulia kwenye mtumbwi anakuja na mizani nzuri ya mwili na hana woga wa maji, na hiyo ni mali kubwa sana. Lakini anakuja pia na mkono uliofundishwa vingine. Kafi la mtumbwi lina ubapa mmoja. Mvuvi hulivuta upande mmoja na mwishoni hulishikilia majini kidogo akilipinda, ili mtumbwi ubaki kwenye mstari. Kwenye K1 mazoea hayo ni breki. Nusu ya matatizo yaliyomo humu yanatokana na hilo, na nitalirudia kila linapohusika.

Kabla hujashusha chombo majini

Kuna siku ambazo hakuna cha kutatua, ni kurudi nyumbani tu.

Ziwa Nyasa hutulia alfajiri na asubuhi mapema, kisha upepo huamka. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ule wavuvi wanaouita mwera, unaweza kuinua mawimbi yanayozamisha hata mitumbwi mikubwa. Ukiona wavuvi wazoefu wamevuta mitumbwi yao mchangani na wamekaa, nawe kaa. Pale Matema, chini ya Milima ya Livingstone, maji huwa na kina karibu sana na ufukwe, kwa hiyo "nitasimama tu nikipinduka" si mpango.

Mdomo wa mto ni mahali pa mamba na viboko. Usifanye mazoezi karibu na mdomo wa Mto Lufilyo, wala mahali popote penye matete ambapo huwezi kuona maji vizuri. Mtera ni hivyohivyo, na kuna la ziada: miti iliyozamishwa na bwawa bado imesimama, mingine imebaki visiki chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakipungua mwishoni mwa kiangazi, njia uliyoizoea Mei inaweza kupasua tumbo la kayaki Oktoba. Muulize mvuvi wa siku hiyo, maana ramani ya visiki hubadilika na kina.

Ukisikia radi, toka majini papo hapo na usirudi mpaka zipite dakika 30 bila mngurumo mwingine. Vaa jaketi la kujiokolea. Usiende peke yako. Na usiende mbali kuliko pale unapoweza kuogelea hadi nchi kavu huku ukisukuma chombo kilichojaa maji, maana kuipanda tena K1 ukiwa kwenye kina ni kazi isiyowezekana kwa watu wengi.

Dalili: kayaki inayumba, unapinduka kila mara

*Umekaza mwili.* Hii inaongoza kwa mbali. Mtu anaogopa kuanguka, anabana kiuno, anakodolea macho ncha ya mbele ya chombo, na kila kitetemo cha kayaki kinapanda moja kwa moja hadi kichwani. Ingia majini hadi kiunoni na mwenzako, yeye ashike nyuma ya kayaki, wewe ukae bila kupiga kafi. Yumbisha nyonga kushoto na kulia makusudi huku mabega yakibaki palepale. Fanya hivyo mpaka nyonga zielewe kwamba zinaruhusiwa kucheza. Macho yatazame mbali, kwenye mlima au mti wa ng'ambo.

*Kafi linachelewa hewani.* Kayaki ya mbio inatulia zaidi kafi likiwa ndani ya maji na limebeba nguvu. Anayejifunza anapiga, kisha anasita kafi likiwa juu, akisubiri chombo kitulie. Hakitulii, ndipo anaanguka. Piga polepole lakini bila kusimama, kulia, kushoto, kulia. Mwendo wa pole usiokatika ni salama kuliko mapigo makali yenye mapumziko katikati.

*Kiti kiko juu.* Sentimita moja tu inabadilisha kila kitu. Legeza nati, ondoa kipande kilichoinua kiti, jaribu. Wazoefu hupandisha kiti ili wapate nguvu zaidi kwenye kafi. Wewe anza chini, ukipandishe ukishatulia.

*Kikanyagio kimekaa vibaya.* Kikiwa mbali, unakanyaga kwa vidole na kiuno kinateleza mbele. Kikiwa karibu mno, magoti yanabanwa na huwezi kuzungusha mwili. Magoti yakunjike kiasi, nyayo zikanyage kikamilifu, na uweze kusukuma mguu mmoja bila makalio kuhama.

*Kuna maji ndani.* Lita chache zinazohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine zinatosha kumwangusha hata mzoefu. Kausha kwa sponji kwanza, ndipo uilaumu mizani yako.

*Kayaki ni nyembamba kuliko kiwango chako.* Ikiwa umeshapitia yote hayo na bado huwezi kupiga mita 200 ukiwa umetulia, badilisha chombo. Kuna kayaki za mazoezi zenye tumbo pana zaidi. Atakayepiga kafi kwa nguvu na kwa usahihi kwenye kayaki pana miezi mitatu atampita yule anayetetemeka juu ya nyembamba kwa miezi hiyohiyo, maana huyu wa pili anajifunza kuogopa tu.

Acha mazoezi siku hiyo ikiwa umepinduka mara kadhaa na mwili umeanza kutetemeka. Kwenye mabwawa ya mashamba ya chai Mufindi, kama Ngwazi, ambako hata hivyo unahitaji ruhusa ya wenyewe, maji ya Juni na Julai ni ya baridi kweli. Vidole visipofunguka, maneno yakianza kukwama mdomoni, mtoe mtu huyo majini, mvue nguo mbichi, mfunike kwa blanketi kavu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza vizuri. Akianza kusinzia au kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali bila kusubiri.

Dalili: kayaki inavuta upande mmoja

Kabla ya kushika spana, mpe mwenzako apige kafi mita 200 kwenye kayaki ileile. Kwake ikienda sawa, tatizo ni lako. Ikimvuta naye upande uleule, tatizo ni la chombo au la upepo. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinaokoa asubuhi nzima.

Tatizo likiwa lako, sababu ya kwanza ni mkono mmoja unaovuta kwa muda mrefu kuliko mwingine. Hapa ndipo mtumbwi unapojionyesha. Aliyezoea kuvuta upande wa kulia anatoa kafi la kulia nyuma sana ya nyonga, na mwishoni analipinda bila kujua. Omba mtu akupige video kwa simu akiwa nyuma yako, si ubavuni. Tazama kafi linatokea wapi kila upande. Lazima litoke majini linapofika kwenye nyonga, pande zote mbili sawa. Tiba yake ni mapigo ya taratibu, ukihesabu, huku ukitoa kafi mapema kuliko unavyoona inafaa.

Sababu ya pili ni kukaa upande. Mwenzako aliye nyuma atakuambia kama bega moja liko chini. Wakati mwingine kiti chenyewe ndicho kimehama kwenye reli yake.

Tatizo likiwa la chombo, anza na majani. Magugu yakinasa kwenye kipezi cha usukani kayaki inavuta na pia inakuwa nzito; rudi nyuma mapigo machache, mara nyingi yanaachia yenyewe. Kisha geuza kayaki juu ya nyasi, weka kijiti cha usukani kilicho kati ya nyayo katikati kabisa, utazame kipezi kutoka nyuma. Kama kimeelekea pembeni, waya wa upande mmoja umelegea au umevutika. Kaza ule uliolegea. Ukiwa umechakaa na nyuzi zimeanza kukatika, waya wa breki ya baiskeli unafanya kazi vizuri, na unapatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Badilisha zote mbili kwa pamoja, usiweke mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine.

Upepo wa ubavuni nao huzungusha pua ya kayaki. Huo hautengenezwi. Geuza mwelekeo wa mazoezi au malizia siku.

Mwisho kabisa, na ni nadra, kayaki yenyewe imepinda. Hutokea ikifungwa kwa nguvu juu ya Kosta au lori na kupigwa jua kutwa nzima. Iweke juu ya vigoda viwili, vuta uzi kutoka ncha ya mbele hadi ncha ya nyuma kwenye mstari wa katikati ya tumbo, uone kama mstari unauacha uzi. Ikiwa umepinda, usijaribu kuinyoosha kwa moto. Mpelekee fundi anayefanya kazi za faibaglasi, na ujiandae kusikia kwamba itabaki kuwa kayaki ya mazoezi.

Dalili: maji yanaingia

Maji mengi yanayokutwa ndani ni matone ya kafi na mawimbi madogo. Vaa sketi ya kayaki, ile inayofunika tundu la kukalia, na uhakikishe unaweza kuivuta na kuifungua kwa mkono mmoja ukiwa kichwa chini. Jaribu kwanza kwenye maji ya kiunoni, mtu akiwa pembeni yako.

Kama maji yanaingia hata bila mawimbi, tafuta tundu kwa njia ya kinyumenyume. Weka kayaki kavu juu ya vigoda au matairi, mimina maji ndani, lita chache tu, usogeze chombo polepole mbele na nyuma. Tazama nje panapotona, uweke alama kwa chaki. Sehemu zinazoongoza ni tundu la mhimili wa usukani, kisha mshono kati ya tumbo na sitaha, kisha ufa chini ya kiti.

Tundu la usukani linahitaji washa mpya (pete ya kuzibia) na grisi. Mshono na ufa mdogo vinahitaji rezini na kitambaa cha faibaglasi. Acha pakauke kabisa, siku mbili angalau. Unyevu ukibaki, kiraka kitabanduka. Piga msasa kwa upana kuliko ufa wenyewe. Mafundi wa bodi za magari wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, wanaijua kazi hii, lakini mwambie mapema kayaki yako imetengenezwa kwa nini. Rezini ya kawaida ya magari, yaani poliesta, haishiki vizuri juu ya chombo cha epoksi. Hapo tumia rezini ya epoksi. Kayaki ya plastiki haishiki yoyote kati ya hizo, huunganishwa kwa joto. Fanya kazi hiyo nje penye hewa, uvae glavu na miwani, maana hadena, ile dawa ya kugandisha rezini, ikiingia jichoni inaweza kulipofusha. Ikiingia, osha kwa maji mengi mfululizo na uende hospitali palepale.

Usijitengenezee mwenyewe ufa unaokatiza mstari wa katikati ya tumbo, wala sehemu inayobonyea ukiikandamiza kwa kidole gumba. Hapo nguvu ya chombo imeshaondoka, na itavunjika ukiwa mbali.

Jambo jingine ni la kwetu hasa. Kayaki inatakiwa ielee hata ikijaa maji, na wengi hutumia mifuko ya hewa mbele na nyuma. Ziwa Nyasa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi. Mfuko uliojazwa ukakaza kule Matema, ukipandishwa kwa gari kupitia Tukuyu hadi Uyole, unavimba kadiri kanieneo ya hewa inavyopungua, na jua la juu ya keria likisaidia unapasuka au mshono wake unaachia. Ukiujaza Mbeya na kushuka nao, unasinyaa na hauelei inavyotakiwa. Legeza vizibo kabla ya safari, jaza upya ufukweni. Kwa kayaki yenye vyumba vilivyozibwa, fungua vizibo vyake pia.

Dalili: unapiga kwa nguvu, kayaki haiendi

Sikiliza kafi lako. Likiingia vizuri halina kelele. Unasikia tu maji yakifunga nyuma ya ubapa. Likiingia na hewa linatoa mlio mzito, *pwaa*, na unaona povu jeupe kando ya chombo. Hilo povu ni nguvu yako imemwagika.

Sababu inayoongoza: unaanza kuvuta kabla ubapa haujazama wote. Zamisha kwanza, karibu na nyayo, ndipo uvute. Inayofuata: unavuta kwa mikono. Viwiko vinajikunja mapema, mabega hayazunguki, miguu imelala. Kwenye kayaki ya mbio nguvu inaanzia kwenye nyayo. Kafi la kulia likiingia, mguu wa kulia unasukuma kikanyagio, nyonga ya kulia inarudi nyuma, kiwiliwili kinafunguka, na mkono unafuata ukiwa karibu umenyooka. Mazoezi rahisi ni kupiga mita 100 bila kukunja viwiko kabisa. Zoezi hili linaonekana la mzaha, lakini halikuachii njia nyingine isipokuwa kuzungusha mwili.

Kisha kagua kafi lenyewe. Makafi ya mbio ya siku hizi ni ya bawa, ubapa wake umechimbika na ukingo mmoja umejikunja. Ukingo uliojikunja unatakiwa uwe juu, na upande uliochimbika ukutazame. Wapo wanaolishika kinyume wiki nzima. Kafi la bawa pia halivutwi sambamba na chombo kama la mtumbwi. Linakwenda likijitenga na kayaki kidogo, na ndipo linaposhika maji. Ukilibana ubavuni linatikisika na kuteleza.

Urefu nao ni kitu. Watu wazima wengi hutumia kafi la kati ya sentimita 208 na 222, kulingana na kimo na nguvu. Kafi refu mno au lenye ubapa mkubwa mno kwako linakufanya upige taratibu kwa uchungu. Kupima upana wa kushika, weka mpini juu ya kichwa. Viwiko vikae takriban pembe mraba.

Na wakati mwingine ni maji. Kwenye maji yenye kina cha mita moja na nusu kayaki inakokota wimbi lake mwenyewe na inakuwa nzito. Usilinganishe muda wako wa kandokando ya ufukwe na wa mwenzako aliyepiga kwenye kina.

Dalili: mita 150 za mwisho mwili unagoma

Karibu kila anayekuja na hili alianza kwa kasi ya mita 200 ndani ya mbio za mita 500. Akiba ya nguvu kamili ya misuli ni ya sekunde kama kumi hivi. Lisa Carrington wa New Zealand alishinda mita 500 Olimpiki ya Paris 2024 chini ya dakika 1 na sekunde 48, na hata yeye huwezi kumwona akipiga mapigo ya mwanzo njia nzima. Toka kwa nguvu, lakini baada ya mita 70 au 80 shusha idadi ya mapigo na urefushe kila pigo. Pima mazoezini: piga mita 250 mbili, mapumziko ya dakika moja katikati. Ya pili ikipitwa sana na ya kwanza, unaanza haraka mno.

Sababu ya pili ni chakula. Chai ya rangi na andazi moja alfajiri havibebi mazoezi ya saa moja na nusu. Nyanda hizi zina ndizi za Rungwe, wali wa Kyela, viazi, maziwa, maharage. Kula saa mbili au tatu kabla, na baada ya mazoezi kula tena ndani ya saa moja. Kyela kuna joto na unyevu, kwa hiyo kunywa maji kabla ya kiu.

Sababu ya tatu ni mwinuko. Anayetoka ziwani kwenda kufanya mazoezi Mufindi, kwenye mita 1,800 au zaidi, atahema mapema. Wiki ya kwanza punguza kazi na uongeze mapumziko kati ya mapigo makali. Asiyefanya hivyo hurudi amechoka, wala hajapata faida ya mwinuko.

Uchovu usioondoka hata baada ya siku kadhaa za kupumzika, mapigo ya moyo yanayokwenda kasi ukiwa umelala, au kuishiwa pumzi kwenye ngazi si suala la mazoezi. Kapime malaria na wingi wa damu. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa mazoezi: acha kabisa, na usirudi majini mpaka daktari akukague moyo.

Dalili: maumivu

Kifundo cha mkono ndicho kinacholia kwanza. Sababu ni kulibana kafi. Mkono wa juu, unaosukuma, unatakiwa vidole vilegee kila pigo. Ukiweza kuvichezesha vidole huku ukipiga, umepata. Ya pili ni pembe kati ya bapa mbili za kafi: ikiwa kubwa, kifundo kinajipinda kila pigo. Punguza pembe kama kafi lako linaruhusu. Kikivimba, au ukisikia kukwaruza ukikikunja, usipige kafi hata kidogo mpaka kitulie, na muone mtaalamu wa fiziotherapia. Kuendelea kwa siku chache za ukaidi kunaweza kukupotezea msimu.

Bega linauma kwa sababu kafi linatoka nyuma mno, au mkono wa juu unapanda juu ya usawa wa macho. Rekebisha hayo, ongeza mazoezi ya misuli ya nyuma ya bega. Maumivu yanayokuamsha usiku, au mkono usioweza kuinuka juu ya kichwa, ni ya hospitali.

Ganzi ya mguu hutokana na ukingo wa kiti kubana neva. Weka godoro jembamba, sogeza kikanyagio mbele kidogo, nyoosha misuli ya nyuma ya paja kila siku. Ganzi ikiisha dakika chache baada ya kushuka, endelea kurekebisha kiti. Isipoisha, au mguu ukilegea, nenda hospitali. Na kama ganzi imefika sehemu za siri au umeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ndiyo ya kukimbilia kwa walio upande huu.

Malengelenge ya viganja: acha ngozi ilivyo, safisha, funga plasta. Nayo husababishwa zaidi na kubana kafi.

Dalili: mazoezini uko vizuri, mashindanoni unaharibu

Mara nyingi ni pigo la kwanza. Kayaki imesimama, mpigaji anavuta kwa hasira, chombo kinageuza pua na mapigo matatu yanayofuata yanatumika kuinyoosha. Fanya mianzo mazoezini, mwenzako akikushikia nyuma kama mashindanoni, pigo la kwanza zito na la chini, la pili na la tatu yakiongeza kasi.

La pili ni kutoka njia. Njia ya mbio ina upana wa mita 9, na anayeiacha anaweza kuondolewa. Aliyezoea kupiga ziwani bila alama hajui kama anaenda sawa. Funga madumu matupu yaliyotiwa nanga kwa mawe, mstari wa mita 200 unatosha, upige kati yake.

La tatu ni mizani. Kayaki hupimwa baada ya mbio, na iliyo chini ya kilo 12 inamtoa mshindi. Ukitengeneza chombo na kukipunguza, kipime kikiwa kikavu kabla ya safari. Kama kina upungufu, gundisha uzito chini ya kiti, usiweke kitu kinachoweza kuchomolewa.

Dalili: kuwashwa, homa, damu kwenye mkojo

Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, na hupita kwenye ngozi. Ingia na kutoka kwenye mchanga mtupu, si kwenye matete, na jifute kwa taulo mara tu unapotoka. Kuwashwa siku ya kwanza kunaweza kuwa dalili, lakini wengi hawahisi chochote hadi wiki au miezi baadaye, ndipo huja damu kwenye mkojo au choo, tumbo kuuma, uchovu.

Usinunue dawa dukani kwa kukisia. Nenda kituo cha afya ukapimwe mkojo na choo, na umwambie mhudumu kwamba unaingia ziwani karibu kila siku. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito au kimo chako. Kwa kuwa utarudi majini, panga naye lini utapimwa tena. Homa nayo, ukiwa Kyela, ipimwe malaria siku hiyohiyo, na kayaki ibaki mchangani mpaka majibu yatoke.